Kikombe Kimoja

Agosti 2021 nililazwa wodini kwa kiharusi, upande wangu wa kulia umelala, mdomo umevutwa pembeni, na daktari akaniuliza kama natumia pombe. Maneno yalikuwa hayatoki. Nikanyanyua kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na kitanda, ncha ya kanga ameishikilia mdomoni, akanisemea: "Ni kikombe kimoja tu, daktari, na hicho ni kwa sababu ya kazi yake." Daktari akaandika kwenye faili, akaendelea na maswali mengine.

Kikombe hicho ninacho mpaka leo. Ni cha plastiki, cha bluu, tulikuwa tunachotea mvinyo kutoka kwenye pipa. Kinachukua nusu lita.

Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Kuna msimu mmoja wanunuzi hawakuja kabisa, tukakaa tunasubiri malori huku vichala vinapasukia mtini na nyuki wanashiba. Ndipo nikaamua sitamsubiri tena mtu. Nikanunua mapipa, nikajifunza kwa waliotangulia namna ya kuponda, kuchachusha na maganda yake, kuchuja, kutuliza. Nikawa mkali wa vipimo. Nina hidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye juisi, na nikikuta sukari imefika nyuzi 22 najua mvinyo utatoka na kilevi karibu asilimia 12. Kijana akikosea kupima hamira nilimfokea mbele za watu.

Kazi hii haina namna bila kuonja. Wanaoifanya kwa kisomo huonja wakatema. Mimi nilimeza, kwa sababu kutema kitu nilichokipalilia mwenyewe kwenye jua la Dodoma niliona kama kufuru. Asubuhi nilichota kikombe kuona pipa limeamkaje, mchana kingine nikiwa na mteja, jioni cha kulalia. Wiki za mavuno sikuhesabu. Na kwa kuwa sikuwahi kuyumba wala kulala mtaroni, sikujiona mlevi, na kijiji hakikuniona hivyo.

Tena niliamini kwamba kinanijenga. Nilichukua kipande cha boksi nikaandika kwa kalamu nene: mvinyo mwekundu husafisha mishipa ya moyo. Nikakitundika mlangoni. Watu waliotoka mjini Jumamosi walikisoma, wengine wakaniambia wananunua chupa kwa ajili ya baba au mama mwenye presha. Hilo linaniuma kuliko mambo mengi ya maradhi yangu. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Boksi langu nilikuwa nimeshalichoma wakati huo, lakini waliolisoma siwezi kuwafuata majumbani mwao.

Siku yenyewe ilianza alfajiri. Nilikaa kitandani nivae buti la shambani, mguu haukuingia. Nikadhani umekufa ganzi tu. Nilipotaka kumwita mke wangu ikatoka sauti ya mtu mwingine. Walikuja ndugu, shemeji yangu akasema ni upepo mbaya, nikakandwa mafuta ya nyonyo, likatafutwa gari, gari likatafutiwa mafuta. Mjini tulifika saa nane mchana. Daktari alieleza kwamba kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini inafaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na sisi zilikuwa zimeshatupita. Simlaumu shemeji. Ingekuwa ni yeye amelala pale, mimi ndiye ningeshika chupa ya nyonyo. Ila sasa nyumbani kwangu hata mjukuu anajua: uso ukipinda, mkono ukianguka, maneno yakivurugika, watu wakimbilie gari.

Picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba, haukupasuka. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha moyo unadunda bila mpangilio. Nilivyoelezwa, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo, inaganda, halafu kipande kinachopoka na kusafiri hadi kwenye ubongo. Daktari akataja vinavyoweza kuuvuruga moyo hivyo: presha ya muda mrefu, umri, pombe nyingi. Alipofika kwenye pombe mke wangu alinitazama. Mimi nikaitazama dripu.

Nilitoka na dawa za presha, dawa ya lehemu, yaani mafuta kwenye damu, na warfarin, ambayo kazi yake ni kuizuia damu isigande ovyo. Warfarin ina masharti. Lazima urudi kliniki upimwe damu, kipimo kinaitwa INR, na kwa ugonjwa wangu namba inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Ikiwa chini, bonge linaweza kutokea tena. Ikipanda sana, damu inavuja mahali ambapo huoni.

Namba yangu haikutulia. Mara ya kwanza 1.4, dozi ikaongezwa. Baada ya wiki mbili 4.1, dozi ikapunguzwa. Kisha 1.7. Daktari wa kliniki alikuwa binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza, mpole, asiyechoka kuuliza. Akauliza kama nasahau dawa. Sisahau. Kama natumia dawa za kienyeji. Situmii. Akauliza pombe, nikamjibu: "Niliacha, mwanangu." Basi akaingia kwenye chakula. Akatueleza kwamba mboga za majani zina vitamini K, na vitamini hiyo inavutana na warfarin, kwa hiyo mtu akila nyingi leo na kesho asile kabisa, namba inaweza kupanda na kushuka.

Ukitaja mboga za majani kwa Mgogo umetaja mlenda. Daktari hakunikataza, alisema tu kiasi kisibadilike siku hadi siku. Mke wangu alilichukua neno hilo kama amri ya madhabahuni. Alitenga kijiko kimoja, akakifunga uzi mwekundu ili mtu asikitumie kwa kitu kingine, akawa anapima mlenda mkavu vijiko vitatu, anausawazisha kwa kisu kama unga wa duka la dawa. Akanunua daftari la shule. Akaandika tarehe, vijiko, saa niliyokula. Tukienda kliniki alilibeba kwenye mkoba, na namba ikitoka mbaya alilifungua palepale kwenye benchi akitafuta wapi amekosea.

Ninaandika haya kwa ajili ya daftari lile, kwa sababu wakati anapima mlenda mimi nilikuwa nakunywa.

Wiki sita za kwanza sikunywa kwa kuwa sikuweza kufika stoo. Nilipoanza kutembea na fimbo, ilianza kidogo kidogo. Watu wanaokuja kumpa mgonjwa pole hawaji mikono mitupu. Shangazi yangu, mama mzee ninayempenda, aliniletea ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, kwenye kidumu, akasema, "Onja mwanangu, damu itembee." Nikaonja mbele yake kwa heshima. Usiku ule nililala, na nilikuwa sijalala vizuri tangu Agosti. Hapo ndipo nilipoteleza. Mkono wa kulia haukuweza kushika mkasi wa kupogolea. Wateja walikuja wakazungumza na binti yangu, wakanipita kama kiti. Maneno yalinikataa, nikitaka kusema dawa nasema ndoo. Mtu akiwa katika hali hiyo, kitu kinachomlaza kwa nusu saa anakiona rafiki. Kliniki siku hizi wanauliza pia juu ya sonona baada ya kiharusi, na ni vizuri waulize, kwa sababu mimi nisingeitaja mwenyewe.

Nilijiwekea sheria: kikombe kimoja tu, jioni, watu wakiwa jikoni. Wateja wakiwa wengi Jumamosi vilikuwa viwili, vitatu. Binti yangu aliona kabla ya wote, ila hakujua anaona nini. Aliniambia, "Baba, asubuhi unaongea vizuri, jioni maneno yako yanapotea." Nikamwambia ni uchovu. Nilianguka mara mbili njiani kutoka stoo, upande ule ule dhaifu. Mara ya pili kiwiko kilivimba na kuwa cheusi kwa wiki tatu, kwa kuwa mwenye warfarin akigongwa damu haikai mahali pake. Nikasema nimejikwaa kwenye mpira wa maji.

Jioni moja, baada ya namba kutoka vibaya tena, nilimsikia mke wangu jikoni akimwambia dada yake kwa simu, "Nitamuua huyu mtu kwa mikono yangu, sijui kupika tena." Alikuwa analia. Nilisimama nje ya dirisha, giza limeingia, kikombe mkononi. Nilikimaliza, nikaenda kulala. Sijawahi kumweleza mtu jambo hilo kabla ya leo, isipokuwa yeye.

Machi 2022, katikati ya mavuno, fizi zilianza kutoka damu nikipiga mswaki. Siku mbili baadaye choo kikawa cheusi kama lami, na nilipoinuka dunia ikazunguka. Mara hii hakuna aliyeshika mafuta ya nyonyo. Namba ilikuwa 6.8. Walinitundikia damu chupa mbili, wakanipeleka kwenye kamera ya tumbo wakakuta kidonda kinachovuja. Muuguzi alikuja na sindano, nikamuuliza ni ya nini, akanijibu: "Ni vitamini K, mzee. Ile ile iliyomo kwenye mboga za majani, ndiyo itakayosaidia damu yako kuganda." Mke wangu alikuwa ameshika daftari lake. Akauliza, "Kwa hiyo alitakiwa ale zaidi?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayesubiri kuhukumiwa, na hapo nikashindwa kuendelea.

Nilimwambia kila kitu pale pale, kwa maneno yangu yaliyovunjika, mengine nikayatafuta kwa dakika nzima. Hakunifokea. Alilifunga daftari, akatoka nje, akarudi baada ya saa kama mbili macho mekundu, akasema, "Umwambie daktari. Usinitume mimi tena kukusemea."

Nilipopata nafuu nilirudi kliniki nimekibeba kile kikombe kwenye mfuko wa rambo. Nikakiweka mezani. Nikasema, "Mwanangu, nilikuambia nimeacha. Sikuacha. Na mwanzoni kabisa tulisema kikombe kimoja. Kikombe chenyewe ni hiki." Alikigeuza mikononi, akaniuliza kilevi cha mvinyo wangu. Nikamwambia asilimia 12, hilo nililijua barabara. Akapiga hesabu kwenye simu. Nusu lita ya mvinyo huo ina kilevi halisi kama gramu 47. Kinywaji kimoja kwa kipimo cha kitaalamu ni gramu 10. Maana yake "kikombe kimoja" kilichoandikwa kwenye faili langu kilikuwa karibu vinywaji vitano, na vile vitatu vya kila siku kabla sijaugua vilikuwa kumi na vinne. Mtu niliyepima sukari ya zabibu kwa nyuzi sikuwahi, hata siku moja, kufanya hesabu hiyo rahisi.

Akanifafanulia namba zangu zilivyokuwa zikicheza. Ini ndilo linaloivunjavunja warfarin. Mtu akinywa nyingi kwa mkupuo, ini linashughulika na pombe, dawa inabaki kwenye damu, namba inapanda: hizo ndizo Jumamosi zangu. Akinywa kila siku kwa muda mrefu, ini linazoea kufanya kazi kwa kasi, linaivunja na dawa haraka, namba inashuka na mgonjwa anabaki bila kinga. Juu ya hapo pombe inapandisha presha, inauvuruga moyo ambao tayari haudundi sawa, inachubua tumbo, na inamwangusha mtu mwenye mguu mmoja mzima. Kumbe kila alipobadilisha dozi alikuwa anaifukuza pombe yangu bila kujua. Nilimwomba radhi. Akasema jambo ambalo lilinishangaza: "Baba, mimi nilitakiwa nikuulize kikombe kina ukubwa gani."

Halafu alifungua kurasa za nyuma za faili, za wodini mwaka 2021, akasoma kwamba usiku wa tatu nilitetemeka, nikatoka jasho, nikawa nawaona mbuzi ukutani. Wakati ule ilidhaniwa ni ubongo. Aliponihesabia vikombe akasema huenda ilikuwa ni mwili kukatiwa pombe ghafla. Kwa hiyo akanikataza nisiende nyumbani kuacha kwa ubabe. Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akikatisha siku moja anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na akafa. Alinipa dawa za siku kadhaa za kunituliza, vitamini B1, na sharti kwamba nisilale peke yangu wiki hiyo. Binti yangu alilala chini, kwenye mkeka, karibu na kitanda. Usiku wa pili ulikuwa mbaya. Wa tano nikala ugali wa uwele nikaumaliza.

Niliuliza pia swali ambalo kila mgonjwa wa kiharusi analo moyoni: hata kidogo, siku ya sherehe? Kwangu alisema hapana, kwa sababu ya warfarin, moyo, na tumbo lililoshavuja. Akasema wapo wengine, hasa ambao hawatumii dawa za aina hii na presha yao imetulia, ambao daktari wao anaweza kuwapa ruhusa ya kiasi kidogo baada ya wiki za mwanzo kupita, lakini ruhusa hiyo inatoka kwa anayejua ugonjwa wako na dawa zako zote. Aliyepasukiwa mshipa ana habari yake tofauti na aliyezibwa. Kwa hiyo majirani wakiniuliza mimi siwajibu kitu. Nawaambia nendeni mkaulize, na mwende na chombo chenyewe.

Mvinyo bado unatengenezwa nyumbani. Najua wapo watakaosema ningefunga, na nimelifikiria sana, lakini watu wanne wanakula hapo. Binti yangu ndiye anayeonja sasa, anatema kwenye ndoo, na hajali nikimtazama kwa uchungu. Mimi nanusa. Kiharusi kiliniachia pua. Naweza kuinama juu ya pipa nikamwambia hili limeanza kuchachuka kuelekea siki, na mara nyingi nipo sahihi. Kwenye misiba na harusi ndipo kuna kazi. Shangazi bado ananitengea ujimbi, na kila mara namshika mikono yote miwili, namwamkia "Mbukwa," naomba maji. Mara ya kwanza alinuna. Siku hizi maji anayaweka kabla sijafika.

Mke wangu ilimchukua muda. Aliendelea kupima mlenda kwa kijiko chenye uzi kwa karibu mwaka mzima, hata namba zilipotulia: 2.3, 2.6, 2.4. Sikumwambia aache. Siku moja nikakuta uzi umefunguliwa na kijiko kipo kwenye sukari.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la kliniki na mzee mmoja kutoka Bahi, mkono wake wa kushoto kwenye kitambaa cha shingoni, wiki ya nne tangu apooze. Tulisalimiana, tukaulizana mvua, tukaulizana dawa. Akaniinamia ili mwanawe asisikie. "Eti mwenzangu, hata kikombe kimoja?" Nikamuuliza chake kina ukubwa gani. Alitazama kushoto na kulia, kisha akauinua mkono mzima juu ya goti, akaonyesha kimo cha chombo chenyewe. Kilikuwa kirefu kuliko changu. Nikamwambia nikiitwa mimi ndani, tuingie wote.